Priori wa Jikoni

Jumatatu, 3 Machi 1958
Mzee Khaemba, karani wa reli Nakuru, amekataa posa yangu. Ati binti yake Milcah haolewi na mpishi, hata awe mpishi wa monasteri ya Dundori. Anataka mtu mwenye cheo. Kifua kinaniuma, na si maharagwe ya Kwaresima.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza Bruda Anselmi, mtawa wa bustani, habari za vyeo. Alifurahi mpaka akaangusha jembe. Mkuu wao ni Abate, kutoka "abba", yaani baba. Nikauliza, Baba nani? Kwetu baba huitwa kwa jina la mtoto. Akasema baba wa wote. Nikauliza, na mama yuko wapi? Akaniambia nirudi jikoni. Lakini alishaniambia kwamba anayemfuata Abate ni Priori, Kilatini, maana yake "wa kwanza". Haya! Nani huamka wa kwanza hapa kuwasha jiko? Nimemwandikia Mzee Khaemba aje Jumamosi. Sahihi: Priori Masinde.

Jumatano, 5 Machi
Ephantus, mkamua ng'ombe, amechungulia barua. Anadai yeye huamka kabla yangu, kwa hivyo Priori ni yeye. Kwa harufu ile!

Ijumaa, 7 Machi
Nimemshinda Ephantus kwa kutolala kabisa. Nilimwamsha makusudi nimwambie. Kwa usingizi nikatia uji chumvi badala ya sukari. Bahati nzuri watawa hawaongei mezani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwisha! Mzee Khaemba alifika na Milcah, koti limepigwa pasi, akauliza langoni Priori Masinde yuko wapi. Ephantus, yule nyoka, akamweleza kwa adabu kwamba Priori ni mtawa, na mtawa ameapa kutooa. Mzee akavua kofia. Akanipongeza kwa kumpa Mungu maisha yangu, akaniomba nimwombee Milcah apate mume. Milcah alilia. Nami ningesema nini, na sahihi ni yangu? Nikawabariki.

Jumapili, 9 Machi
Nimefikiri tangu Misa na kosa nimeliona. Nilichagua cheo kibaya! Priori haoi, sawa. Lakini Abate ni baba, na tangu lini mtu akawa baba bila mke? Nimemwandikia Mzee Khaemba kwamba nimepandishwa cheo, aje upesi na Milcah. Sahihi: Abate Masinde.