Kanuni Yangu ya Kumchagua Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Machi

Loo! Leo kumekucha kwa kishindo. Bosi katuita wauza fanicha wote saa mbili asubuhi, tukasimama katikati ya makabati, akatangaza kwamba tawi jipya linafunguliwa mwisho wa mwezi na Jumamosi anakuja mpiga picha. Sura moja tu itawekwa kwenye bango juu ya mlango. Mwenye sura hiyo ndiye atakayekuwa mkuu wa tawi. Macho yake yakaja kwangu. Nikavimba kichwa. Kisha yakaenda kwa shemeji.

Shemeji! Mdogo wake mke wangu! Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa, miaka miwili tu iliyopita, mimi mwenye miaka kumi na mmoja katika makochi haya. Ila ana meno. Langu la mbele limemeguka nusu tangu siku ile niliyofungua chupa ya soda kwa meno mbele ya wakwe, ili wajue wamepata mwanamume. Tangu hapo nacheka nimefumba mdomo. Wateja wanadhani naringa.

Bosi kanivuta pembeni, kaniambia kwa upole kwamba bango linahitaji mtu anayecheka. Basi. Nimeamua. Natafuta daktari wa kupendezesha meno. Mke wangu, muuguzi wa wodi ya watoto, hakupinga. Kaniandikia maswali manne nyuma ya bahasha. Amesajiliwa, na namba yake ni ipi? Alisomea wapi? Ana picha za wagonjwa aliowatengeneza yeye mwenyewe? Kazi ikiharibika, nani anarekebisha? Tena kasisitiza nisikubali kuguswa na mtu ambaye hajanichunguza kinywa kwanza. Mambo ya hospitali hayo. Nimeikunja bahasha, nikaitia mfukoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kwa daktari wa kwanza mbio. Mwanamke mtu mzima, chumba kidogo juu ya duka la vipuri. Leseni yake imebandikwa mlangoni, usawa wa macho, hata bahasha sikuitoa. Kanilaza, kanimulika, kagonga jino moja moja kama fundi anayetafuta bomba ndani ya ukuta. Akasema fizi zangu zinavuja damu, zisafishwe kwanza, tupige eksirei, halafu kipande kilichomeguka atakijenga bila shida. Siku kumi hivi. Nikamwambia nina siku nne. Akasema fizi hazijui Jumamosi.

Kisha akatabasamu. Mungu wangu! Chonge lake limepinda! Limempandia jirani yake, mchana kweupe! Daktari wa meno! Nilishuka kwenye kiti kitambaa chao kikiwa bado shingoni, nikasema nimeacha jiko linawaka.

Ila sikurudi mikono mitupu. Kwenye ngazi nimegundua Kanuni: ukitaka kumjua daktari wa meno, mtazame meno yake. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuifikiria. Mke wangu anahitaji maswali manne, mimi macho mawili yananitosha.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya ukaguzi. Daktari wa pili alivaa barakoa muda wote. Nikamwomba aishushe kidogo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni mambo yangu ya ndani. Akamwita mlinzi. Mtu mwenye meno mazuri hamwiti mlinzi.

Wa tatu! Salaale, wa tatu! Jengo la vioo, koti jeupe lenye vifungo vya dhahabu, na alipofungua mdomo kunikaribisha nilirudi nyuma hatua moja. Meno thelathini na mawili, yamejipanga kama vikombe vya wageni. Cheti chake kiko ndani ya fremu ya dhahabu, juu kabisa, karibu na dari. Nikasema moyoni, huyu hana haja ya kujionyesha.

Hakunichungulia mdomoni hata kidogo. Kanitazama kutoka upande wa pili wa meza, kasema Ijumaa nitatoka hapa mtu mwingine. Nikauliza habari ya eksirei. Akajibu kwamba macho yake ndiyo eksirei. Nikaikumbuka bahasha, nikampa. Kachukua kalamu, kasoma haraka haraka, katia tiki maswali yote manne mwenyewe. Alama zote! Hakusita hata mara moja!

Mke wangu alipoiona bahasha akauliza namba ya usajili iko wapi. Nikamwonyesha tiki. Akaigeuza bahasha, akaitafuta namba upande wa pili.

Ijumaa, 7 Machi

Dakika kumi na mbili! Hakuna sindano, hakuna ganzi. Kanibana kichwa kwapani, kapaka gundi, kabandika ganda jeupe juu ya jino langu, kalisugua kwa tupa ndogo, kapuliza. Kwa mdomo wake! Fizi iliwaka moto hadi machozi yakanitoka. Akasema hiyo ndiyo dalili kwamba jino limekubali. Kaniagiza nisile kitu kigumu, nisinywe cha moto, wala nisilale kifudifudi.

Jeupe! Jeupe mno! Yale mengine sasa yanaonekana kama hayakualikwa. Dukani nimecheka na kila mtu, hata na kabati la milango mitatu. Shemeji kaniona, kaangusha stuli. Ameshika adabu! Mhasibu kaniuliza kama naumwa.

Mke wangu kaninusa. Akasema nanukia kama chumba cha dada zake walipokuwa wasichana. Nimemwambia hiyo ndiyo harufu ya maendeleo.

Jumamosi, 8 Machi

Mwandiko huu unisamehe, naandika nimejifunika blanketi.

Shemeji alipigwa picha kwanza. Mbili tu, akashuka. Nikapanda mimi kwenye kochi la ngozi. Bosi akaja na wazo: nishike kikombe cha chai, nionekane mtu anayestarehe, naye akae kando yangu na chake. Katibu akaleta chai inayofuka moshi. Mpiga picha akasema kushika hakutoshi, ninywe. Ningekataa vipi? Nikanywa. Akaniambia sasa nicheke kwa moyo wote. Nikacheka kwa moyo wote, kwa mara ya kwanza tangu ile soda.

Jino likaruka! Nililiona likipita mbele ya macho yangu, jamani, linazunguka, na taa ya kamera ikawaka. Likatua ndani ya kikombe cha bosi. Na bosi alikuwa anakipeleka mdomoni! Nikanyoosha mkono, nikachelewa. Akapiga funda. Akasita. Akatoa kitu ulimini kwa vidole viwili, akakitazama, akanitazama. Hata mteja aliyekuwa anajaribu kitanda aliinuka akaketi.

Aliyesogea ni shemeji. Akakichukua kwa kitambaa chake, akakifunga, akanipa bila neno wala kicheko, akasimama mbele yangu ili watu wasinione mdomo. Sitamsamehe.

Alasiri mke wangu akaniburuza hadi jengo la vioo. Mlango wazi, kiti hakipo, koti halipo, mtu hayupo. Fremu tu imebaki, pengine alikosa ngazi. Mke wangu akapindua ndoo, akapanda juu yake, akasoma kwa sauti: cheti cha kuhudhuria mafunzo ya siku tatu ya kupamba kucha. Nikaketi sakafuni.

Jumatatu, 10 Machi

Bango kapewa shemeji. Na tawi.

Kisha kwa mwanamke wa chonge, mke wangu kanishika mkono wa shati kama mtoro wa shule. Daktari hakuuliza lolote kuhusu jiko langu. Kafungua kitambaa, kalimulika lile ganda, kaligeuza. Akasema taratibu kwamba hili si jino la aina yoyote. Ni ukucha wa bandia. Wa kidole gumba. Kwa nyuma bado ulikuwa na rangi ya waridi.

Ukucha! Nimetembea mjini na ukucha mdomoni! Bosi kaunywa na chai!

Na bado. Mke wangu akamweleza yule bwana alivyo, vifungo vya dhahabu, meno ya kuogofya kwa uzuri. Daktari akacheka hadi chonge likaonekana lote. Anamfahamu sana, ni mgonjwa wake. Meno yale kayatengeneza yeye, mwaka juzi, moja baada ya jingine. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamuuliza kwa hasira, mbona basi lake limepinda? Akasema haliumi, linatafuna, na mikono yake haiwezi kufanya kazi ndani ya mdomo wake mwenyewe.

Fizi imeungua. Ipone kwanza, wiki mbili.

Jumamosi, 29 Machi

Jino limejengwa Alhamisi. Huwezi kujua ni lipi. Leo asubuhi mke wangu kasema kitu kuhusu soksi zangu, nikacheka, nikasahau kufumba mdomo. Akaweka kikombe chini. Akasema hajakiona kicheko hicho miaka tisa, alidhani kimekufa. Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Tawi limefunguliwa. Shemeji yuko kule juu ya mlango, kila jino ukubwa wa mto wa kochi. Kaniomba niwe msaidizi wake. Nimekubali kwa shingo upande. Bosi naye kanidokeza kwamba kuna tawi la tatu linakuja, bango lake bado halina sura, na meno sasa ninayo. Ila, akasema, siku ile taa ya kamera ilimeremeta sana utosini kwangu.

Upara! Kumbe muda wote tatizo lilikuwa upara!

Mchana huu huu nimempata mtaalamu wa kuotesha nywele. Safari hii sikukurupuka, mimi si mtu wa kurudia kosa. Kwanza nimemtazama kichwani: nywele nene, nyeusi, zimeshonana. Kisha nikauliza lile swali lililonitoroka kule kwenye jengo la vioo, nani aliyemtengeneza? Akajibu kifua mbele kwamba kajitengeneza mwenyewe. Mwenyewe! Alipopiga chafya zilisogea kidogo upande wa sikio, lakini feni ilikuwa inazunguka. Nikampa na bahasha ya mke wangu, ile ile. Akaona tiki zote nne zipo tayari. Akaridhika, nami nikaridhika. Naanza kesho saa nne.