Mashua Mbili za Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Septemba

Nimekasirika tangu chai ya asubuhi. Kaja Taisia, msichana anayefanya kazi jumba la maonyesho hapa Kronstadt. Anazitaka picha za bahari za marehemu Lev Obukhov, aliyekuwa baba mkwe wangu. Ni jozi: mashua ya tanga jeupe inayokwenda kulia, na ya tanga la kahawia inayokwenda kushoto. Zote mbili au basi, kasema. Na chini yake, kibao chenye jina la mwenye mali.

Jina langu! Nikamwambia zote ni zangu, aje Jumamosi.

Ninayo moja tu. Ya kahawia iko ghorofa ya nne kwa Rufina, mtalaka wangu, binti wa mchoraji. Tulipoachana kila mtu alichukua mashua yake. Yeye akabaki na nyumba, mimi nikashuka ghorofa ya pili, kwenye baridi. Haki iko wapi?

Jumanne, 3 Septemba

Nimempelekea Rufina keki ya asali. Nikamwambia ukuta wake una unyevu, picha itaoza, bora nimtunzie. Keki kala. Kisha: "Kesha, kilichooza humu kilihama zamani." Akafunga mlango. Na sahani yangu kabaki nayo!

Jumatano, 4 Septemba

Nimeamua kuchora ya kahawia mwenyewe. Kazi ya siku nzima. Jirani Klavdia kaja kuomba chumvi, kaitazama, kauliza kwa nini nimechora pasi ikielea. Nimempa chumvi kwa hasira.

Alhamisi, 5 Septemba

Klavdia ana faida zake. Kaninong'oneza kwamba kesho Rufina anakwenda msituni kuokota uyoga, atashinda huko. Ufunguo wa zamani ninao bado. Niliapa kwamba ulipotea. Nimemweleza Klavdia mpango wote, kwa siri.

Ijumaa, 6 Septemba

Laana! Nimepanda, nimeingia, nimeitungua. Nikashuka nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Nafika kwangu: mlango wazi, msumari mtupu. Tanga jeupe halipo!

Nikapanda tena mbio. Rufina huyo mlangoni kwake, kavaa mabuti ya msituni, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu mashua yangu. Uyoga hata mmoja hakuna! Alikuwa kajificha ghorofa ya tatu kwa Klavdia, akingoja nipande. Ufunguo wa kwangu nilimpa mwenyewe nilipolazwa hospitali, amlishe paka wangu.

"Mwizi!" nikamwambia.

"Mwizi mwenzio," akajibu. "Na mimi nimeshamwambia Taisia zote zangu."

Tumetukanana hadi koo zikakauka. Klavdia katoa kiti, kakaa ngazini kusikiliza.

Jumamosi, 7 Septemba

Taisia kafika, katukuta bado tunagombana. Kazipokonya picha zote, kaziegemeza ukutani pale ngazini, ubavu kwa ubavu. Tangu talaka hazijawahi kukaa hivyo.

Hata enzi za ndoa sikuwa nimewahi kuliona hili. Wimbi linaloanzia kwangu linamalizikia kwake. Mashua hazipishani, zinaelekeana zikutane. Mzee alichora bahari moja, akaikata. Rufina kafuta jicho, kasema ni vumbi.

Taisia akasema kibao kitakuwa na majina yote mawili. Tukakubali. Rufina kanirudishia sahani.

Jumapili, 8 Septemba

Ufunguzi. Watu wengi, picha zinapendeza mno. Nikasogea kusoma kibao. Jina la Rufina juu, kubwa, kwa kuwa ni binti wa mchoraji. Langu chini, herufi za kusomwa na sisimizi!

Rufina kanigusa bega. "Shukuru umetajwa, Kesha." Kacheka mbele ya watu!

Sikubali. Kesho narudi pale na gundi na kibao changu mwenyewe, jina langu juu. Hakuna atakayejua. Nimemwambia Klavdia peke yake, na kaapa hatasema.