Komandoo Hagongi Benchi

Haya ni kweli tupu, mbele ya Mungu na mbele ya birika la Mwamvua. Hakuna chumvi iliyoongezwa. Kahawa yenyewe hainywewi na chumvi. Mwenye kubisha asubiri mpaka mwisho, abishe akiwa ameshiba.

Asubuhi hiyo baridi ya Songea ilikuwa imekaza meno. Mzee Otto, mstaafu wa bohari, jina la kijiweni Komandoo, alikuwa amekalia upande wa benchi ulio karibu na jiko, koti amelifunga hadi kidevuni. Kijiwe cha Mwamvua, muuza kahawa, kina sheria moja tu: anayegonga benchi mara tatu ndiye anayelipia raundi ya wote. Tangu astaafu, Otto hajawahi kugonga. Hata mbu akitua pale benchini, yeye humpuliza.

Clinton, fundi simu anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki, akainua simu yake.

"Sikieni. Mapigano ya MMA yanasambaa nchi ambazo hazikuwa nayo. Sasa yamefika kwetu. Jumamosi wanaanzisha klabu Ruhuwiko. Ngumi, mateke, mieleka, kabali, vyote kwa pamoja."

"Kama makande?" Mwamvua akauliza.

"Kama makande, dada. Ila haya yanakula mtu."

Fulgence, aliyepewa jina la Jaji kwa kutoa hukumu kabla ya kesi, akatikisa kichwa. "Hapa hayaoti. Sisi tutampigaje mtu tuliyesalimiana naye? Unasema shikamoo, mwenzako anaitika marahaba, anauliza habari za nyumbani, mara mnagundua bibi zenu wote ni wa Mpitimbi. Pambano limekwisha, mnaulizana mahindi."

Kicheko kikapanda. Otto akaona mada inapita bila yeye, jambo ambalo mwili wake haulistahimili.

"Nyie watoto! Huo mchezo mnaouita mpya nimeucheza kabla mwenye simu hajazaliwa. Porini, Mpitimbi hukohuko, nilikabana na nyani dume, mkubwa kama mkokoteni wa mkaa."

"Jana alikuwa chui," Redio akasema.

"Chui ni wa kwanza. Nilipomlaza, nyani akaja kudai kisasi cha rafiki yake."

"Urafiki wa chui na nyani, mzee?"

"Enzi hizo walipatana. Akanikaba shingo toka adhuhuri mpaka kengele ya jioni ya watawa wa Hanga ikalia."

"Kengele ya Hanga uliisikia ukiwa Mpitimbi?" Jaji akakunja uso.

"Sikio la mtu aliyekabwa linasikia mbali. Nikasali sala ya Malaika wa Bwana, na nyani akatulia kwa heshima. Tulipofika Amina nikambwaga. Sikusalimu amri!"

Kwenye ncha ya benchi alikaa mwalimu Brigita, mwembamba, mpole, aliyehamia majuzi kutoka Iringa. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mzee, kabali haikuwezi?"

"Mwalimu, shingo hii ni mninga."

"Maana kwenye MMA ukizidiwa unagonga mara tatu, unaachiwa. Wewe hukugonga?"

"Mimi, nigonge? Waulize hawa!"

"Hajawahi!" kijiwe kizima kikajibu, kwa uchungu.

Brigita akatabasamu. "Kocha wa hiyo klabu ni mimi. Tena mimi Mhehe, wewe Mngoni, mtani wangu kabisa. Vitani babu zako walituachia ngao wakakimbia. Wewe leo tuachie kahawa. Nikukabe kidogo?"

Otto akatafuta udhuru: mgongo, goti, presha. Lakini mtani hakataliwi wala hakasirikiwi, na wote walikuwa wanaitazama shingo yake kama fundi anayepima ubao.

"Kaba," akasema. "Nikigonga benchi hili, nalipa. Ila mtakunywa maji."

Brigita akazunguka nyuma yake. "Shikamoo mzee."

"Mara..."

Iliyobaki ikakwama kooni. Mkono mwembamba ulikuwa umefunga kama komeo la bohari.

Otto akapiga paja lake mara tatu.

"Kwenye mchezo paja linatosha," Brigita akasema, akilegeza mkono mzee apate pumzi. "Nimwachie?"

"Usimwachie! Paja si benchi!" Jaji akahukumu.

Otto akagonga kikombe.

"Hicho ni mali yangu," Mwamvua akasema.

Otto akatega sikio. Kengele ya Hanga haikulia. Mkono wake ukashuka taratibu mpaka kwenye ubao. Ko. Ko. Ukaganda hewani.

"Bado moja, babu," Mwamvua akambembeleza, birika limeshainama.

Ko.

"Nilikuwa naua siafu," Otto akakohoa alipoachiwa.

"Siafu watatu, wamejipanga mstari?" Redio akauliza, huku akiwaita vinyozi wa jirani na bodaboda wa kona waje na vikombe vyao. Walikuja. Wengine walikuja na jagi. Otto akaingiza mkono ndani ya koti, akaukawiza huko kama anayetafuta ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine, akalipa.

Jaji akapuliza kahawa yake, akainywa kwa raha. "Nafuta hukumu. Mchezo huu utaota Songea."

Na umeota. Jumamosi kijiwe kizima kilijiandikisha Ruhuwiko. Ngumi hawataki, mateke hawataki. Wote wanajifunza kabali tu. Na Mzee Otto siku hizi hufika kijiweni amejizungushia skafu mbili shingoni. Anasema ni baridi.