Tahiru Harudi Nyuma

Katika mji mzima wa Koboko, hakuna kiumbe aliyewahi kumwona Tahiru akirudisha lori nyuma! Ng'ombe walimpisha. Askari walimpisha. Mwenyewe alidai hata mvua ikimwona hubadili njia.

Asubuhi hiyo alikuwa akipeleka nyanya za Mama Driciru kwenye soko la Oraba, mwenyewe Driciru akiwa ameketi kando yake. Wakafika kwenye daraja jembamba, na katikati yake wakakuta lori jingine, pua kwa pua! Kioo chake kilijaa vumbi. Nyuma ya vumbi ilionekana kofia tu.

"Piga honi," akasema Driciru.

Tahiru akapiga. Kofia haikutikisika.

"Aa, huyu iko jifanya mwanaume! Iko waza mimi nitaogopa. Lakini mimi najua yeye iko waza vile. Na yeye iko jua mimi najua. Sasa iko tetemeka!"

"Mimi hapana ona kutetemeka."

"Ndiyo dalili yake, mama!"

Saa nzima ikapita. Jua likawaka, nyanya zikaanza kutoa machozi. Kenyi, muuza mkaa, akavuka kwa baiskeli kutoka ng'ambo.

"Dereva, ile lori..."

"Wewe pita! Hapana fundisha mimi vita!"

Kenyi akaegemeza baiskeli, akakaa kutazama. Burudani ya bure nani anaikataa?

Moyoni, Tahiru alianza kupata wasiwasi. Je, kama yule bwana anaamini kwamba Tahiru ndiye atakayechoka? Lazima imani hiyo ing'olewe! Mtu akiona adui yake hawezi kurudi hata akitaka, atarudi mwenyewe. Hesabu hiyo ilimpendeza mpaka akajipigia makofi.

Akapanda juu ya boneti, akainua ufunguo wa gari.

"Wewe! Ona hii!"

Akautupa mtoni. Chubwi!

"Sasa hapana mutu ya kurudisha hii gari! Rudi wewe!"

Kofia ikatulia tuli.

Driciru akashuka, akalifuata lile lori, akafungua mlango. Kofia ilikuwa imevalishwa jerikeni.

"Tahiru! Hapa hapana mutu!"

"Ndiyo ile mimi nilitaka sema," akasema Kenyi. "Dereva iko Koboko tangu juzi. Alipeleka injini."

Tahiru akateremka polepole kutoka kwenye boneti. Akamgeukia Kenyi.

"Njia ingine iko?"

"Iko, karibu sana! Rudi nyuma kidogo tu, kata kushoto."

Tahiru akayatazama maji. Kisha akaanza kuvua viatu.