Kuhusu Ugomvi Wangu Uliopotelea Monasterini

Mheshimiwa Mtawa Mkuu,

Natumaini u mzima, wewe na watawa wenzako wote, hata yule mwembamba wa kengele ambaye nitamtaja hapa chini kwa uchungu. Mimi ni Noh Jeom-rye, mgeni wenu wa siku tatu wiki iliyopita, mama wa miaka sitini na minane, muuza vitunguu saumu katika soko la Uiseong. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

Kwanza, chakula. Siku tatu sikuonja hata punje moja ya kitunguu saumu. Nilipouliza jikoni, mtawa alinijibu kwa upole, "Bibi, kinachemsha damu, kinaleta hasira." Mheshimiwa, nimekila tangu nilipoota meno, na hasira nilizonazo zote zina sababu. Halafu bakuli tunalisuuza kwa kipande cha figili na maji, na maji yale tunayanywa! Niliyanywa. Sikutaka kuwaaibisha.

Pili, chumba. Binti yangu Gyeong-ok aliniambia, "Mama, unakwenda kupumzika tu." Nafungua mlango, namkuta mdogo wangu wa kike, Pil-nam, anatandika godoro. Pil-nam ambaye sijasema naye miaka kumi na mmoja, tangu alipofika msibani mama yetu amekwishazikwa, nami nikamuuliza mbele ya watu wote, "Umefuata nini, supu?" Nikageuka kuomba chumba kingine. Mtawa akaweka kidole mdomoni, akanionyesha ubao: wageni wote, kimya. Sasa mtu analalamikaje kimyakimya?

Tatu, kusujudu mbele ya sanamu ya Buddha mara mia moja na nane. Magoti yangu yaligoma kwenye ya arobaini, nikabaki chini kama gunia. Mkono ukanishika kwapani, ukaninyanyua. Nilijua ni wake bila kutazama. Mikono yake ni ya baridi tangu utotoni. Akaninyanyua tena na tena hadi ya mwisho, na kanuni zenu hazikuniruhusu hata kumwambia aniache.

Nne, na hili ndilo kubwa. Siku ya pili mliruhusu mazungumzo wakati wa chai. Pil-nam akashika kikombe, asinywe, akasema:

"Dada, nilifika hospitali. Nilifika hadi mlangoni. Nikakuona unamlisha mama uji, unampangusa kidevu, na mimi mwaka mzima sijampigia hata simu. Nikaona aibu. Nikarudi kituo cha basi."

Nilikuwa na jibu, Mheshimiwa. Nimelinoa miaka kumi na mmoja. Nikafungua mdomo, na yule mwembamba akagonga kengele! Tukapelekwa kutembea msituni, saa nzima, mmoja nyuma ya mwenzake. Nikawa nautazama mgongo wake. Umeanza kupinda kama wa mama. Tulipofika juu ya kilima nikalitafuta lile jibu, sikulipata. Nilichoweza kusema, kinyume cha kanuni, ni, "Ungeingia tu, mjinga wewe. Alikuwa anakuulizia." Tukalia wote wawili, mbele ya wageni waliotoka Seoul.

Kwa hiyo naomba mnirudishie ugomvi wangu. Ulikuwa mzima kabisa nilipoingia nao langoni. Sokoni wenzangu wamenizoea nao. Sasa tukikaa kumenya vitunguu nitawasimulia nini? Naomba pia mgonga kengele aonywe kwa maandishi. Mkikaa kimya, kama kawaida yenu, nitalifikisha suala hili kwa wakubwa wenu, ingawa sijui ni akina nani.

Nawasalimu watawa wote, wapishi, na yule mbwa mweupe wa kwenye ngazi.

Ni mimi niliyenyang'anywa kinyongo changu,
Noh Jeom-rye

N.B. Mwandiko huu ni wa Pil-nam. Yuko kwangu tangu Jumapili, ananiandikia kwa sababu macho yangu ni mabovu, na lile neno "mjinga" nimelazimika kulisema mara tatu ndipo akaliandika. Sasa ananiambia, "Dada, maliza, chakula kinapoa." Tunauliza kama mna nafasi mwezi wa kumi. Watu wawili, chumba kimoja.