Yah: Mzee Orwa Kukwama Palepale Kwenye Kinanda

Mchungaji Masele,
Kanisani kwetu, Tarime.

Baba Mchungaji, nakusalimu katika jina la Bwana. Ninakuandikia baada ya kuomba kwa muda mrefu, na baada ya kuziba madirisha kwa magunia, jambo ambalo halikusaidia.

Kama ujuavyo, chumba cha kanisa kinachopakana na nyumba yangu kimepangishwa kwa Mwalimu Jenipha, binti anayejitegemea kwa kufundisha kinanda. Mwanafunzi wake wa kila siku ni jirani yangu Mzee Orwa, aliyekuwa na bucha sokoni, ambaye vidole vyake vilizoea shoka. Ameapa kupiga wimbo wetu wa sadaka kwenye harusi ya mjukuu wake. Kila akifika mstari wa tatu hukwama. Hunyamaza, huguna, kisha huanza upya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wazee wa umri wetu tumeahidiwa vinubi mbinguni, na sijasoma popote kwamba vitatanguliwa na mazoezi. Kwa nini Mzee Orwa asisubiri?

2. Mwezi uliopita Mwalimu alikwenda Mwanza kujiendeleza, akarudi na cheti na mbinu mpya: polepole, mkono mmoja mmoja. Zamani Mzee Orwa alikosea haraka, tukaendelea na maisha. Sasa hukosea kwa mkono wa kulia, hukosea kwa wa kushoto, halafu mikono yote hukosea kwa pamoja. Nilipomwendea Mwalimu alinipa shikamoo, akanieleza kwa heshima zote kwamba siku hizi mzee anakosea vizuri zaidi.

3. Ng'ombe wangu hubana maziwa kinanda kikinyamaza, wala hayaachii hadi mzee aanze upya.

4. Jumapili iliyopita ulijionea mwenyewe. Katika wimbo wa sadaka kusanyiko zima lilikwama mstari wa tatu, likaguna, likaanza upya. Waliokuwa wameshika sadaka juu ya kikapu walipata nafasi ya kutafakari, na wengine wakairudisha mfukoni.

5. Hili naliandika kwa uchungu. Katika Sala ya Bwana, nikifika "utupe leo", hunyamaza, huguna, nikarudi "Baba yetu". Juzi ugali ulipoa hatujafika amina. Vijana wa bodaboda wanaoegesha nje ya uzio wangu wameshajua, wakinisikia nimenyamaza hupaza sauti, "Mzee, anza upya!"

Kwa hiyo naomba Baraza limhamishe Mwalimu Jenipha kabla ya Jumapili. Kama hilo ni kali mno, basi abaki kwa sharti kwamba atafundisha wale tu ambao wameshajua kupiga.

Umsalimie Mama Mchungaji, wanakwaya wote, mlinzi wa kanisa, na Mzee Orwa ukimwona kabla yangu.

Ni mimi, katika taabu na tumaini,
Ezra Odera,
Mwinjilisti mstaafu.

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, Mzee Orwa amepita mstari wa tatu. Hakusimama! Mke wangu Ester ametoka jikoni na mwiko mkononi, bodaboda wamepiga honi, nami nimejikuta uani nikipiga haleluya bila viatu. Sasa amekwama kwenye kiitikio. Naomba Baraza lisimguse Mwalimu hadi mzee avuke na hapo. Na kitabu chetu cha nyimbo, Baba Mchungaji, ni kinene.