Kuhusu Maana ya Kwanza ya Neno Mbwa

Mheshimiwa Mhariri wa Kamusi ya Shule,

Pole na kazi. Kabla ya malalamiko, nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: anayebweka nyumbani kwetu kila alfajiri ni mimi.

Baba yangu ni fundi saa. Ubishi wowote nyumbani huumaliza kwa kamusi yenu. Mwaka jana alisoma kwamba mbwa ni "mnyama afugwaye kulinda nyumba", akamtazama mbwa wetu aliyelala chali mlangoni, akasema, "Kisichofanya kazi yake hakikai kwangu. Asipobweka, namrudisha alikotoka." Tangu siku hiyo najificha nyuma ya tangi la maji na kubweka kwa niaba yake. Muhula ujao nakwenda shule ya bweni. Hapo ndipo penye shida.

1. Maana ya kwanza inamtaka alinde. Hakuna aliyemuuliza.

2. Maana ya pili mmesema ni tusi kwa mtu mwovu. Mbwa wetu hajamkosea mtu, isipokuwa ile soksi ya shangazi, na alishasamehewa.

3. "Kijibwa" ni mtu anayetii kila amri ya mkubwa wake. Wetu hajatii amri hata moja tangu azaliwe.

4. "Kufyata mkia" ni kunywea kwa woga. Mkia wa mbwa wetu haujawahi kushuka. Hata mwizi angetikisiwa. Anayefyata ni mimi, mwalimu akiniita nisome mbele ya darasa. Kwenye mbio pia anayeshika mkia ni mimi.

5. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kurasa zenu, nalinda, nabweka, nafyata na nashika mkia. Mbwa wa nyumba hii ni mimi. Naomba ama mnichore kwenye ukurasa huo (picha ya pasipoti ninayo), ama muongeze maneno matatu baada ya "kulinda nyumba": "au kukaa tu". Iwe kabla shule hazijafunguliwa, la sivyo mbwa wetu ataondoka.

Nisalimieni wachapaji wote, na yeyote aliyefika herufi Z akiwa mzima.

Wenu katika msamiati,
Mwanafunzi, Kidato cha Pili

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, Baba aliikuta barua hii mezani. Aliisoma yote, lenzi ya kazini ikiwa bado jichoni. "Mbwa gani anabweka kisha anakohoa kwa adabu?" aliniuliza. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Akasema, "Kutwa nzima husemi neno, mwanangu. Hiyo ndiyo sauti yako ninayoisikia. Mbwa atabaki, maana ukirudi likizo lazima uwe na kazi." Basi maana iacheni ilivyo. Nilibandika stempu, nikaenda uani, nikabweka mara mbili mchana kweupe. Baba akaitika.